Askari Walisikia Wimbo, Mama Akasikia Tupa

Katika masimulizi ya Fumo Liyongo mna kisa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa ushairi angefaa kuanza nacho. Liyongo amefungwa gerezani Pate kwa amri ya mtawala aliyemwonea husuda. Mamaye humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na kila kinapofika askari wa zamu hula kile kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Basi Liyongo anatunga maneno, anamwimbia Saada ili ayafikishe kwa mama. Ndani ya maneno yale mna maagizo: uokwe mkate wa wishwa, na katikati yake ifichwe tupa. Mama anaelewa. Askari wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ngoma zikiwa zimetanda, mfungwa anakata minyororo yake na kutoka.

Muhammad Kijumwa wa Amu alikitia kisa hiki katika utendi wake wa mwaka 1913, lakini watu wa pwani walikuwa wakikisimulia zamani kabla yake, na Edward Steere alikwisha kuchapisha masimulizi ya Liyongo mwaka 1870. Sitaki kuingia hapa katika mjadala wa lini shujaa huyu aliishi. Ninalolitaka ni jambo moja lililo wazi katika kisa chenyewe. Wimbo ulikuwa mmoja na wasikilizaji walikuwa wawili. Askari hawakuwa na upungufu wa Kiswahili. Kila neno walilijua. Walichokikosa ni kujua nani anamwambia nani, na kwa haja gani. Mama alikijua hicho, na kwa hivyo alisikia tupa pale ambapo wao walisikia wimbo tu.

Nimefundisha ushairi katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Swali tulilowazoeza wanafunzi wetu lilikuwa, "Eleza dhamira ya shairi hili." Ni swali halali, lakini naamini sasa kuwa ni swali la pili. La kwanza ni lile alilojiuliza mama yake Liyongo: haya anayasema nani, ananiambia nani, na yamemfika nini hata akayasema? Makala haya yanajaribu kufuata historia ya swali hilo la kwanza katika ushairi na nyimbo zetu. Nitaonyesha lilivyopotea, nani waliliokoa, na tumelipa nini tulipolisahau.

Muyaka na mwalimu aliyeitwa Sikujua

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa kuanzia karibu na mwaka 1776 hadi karibu na mwaka 1840. Imesemwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Maana ya kauli hiyo ni kwamba aliyachukua mambo ya kila siku akayafanya kuwa kazi ya shairi la mishororo minne. Alitunga juu ya mapenzi na madeni, ndoa na safari za baharini, marafiki waliogeuka na siasa za mji wake.

Siasa zenyewe hazikuwa ndogo. Mombasa ilitawaliwa na Mazrui, na Mazrui walikuwa na uhasama na Busaidi wa Omani waliokuwa wakieneza nguvu zao pwani nzima. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na baada ya ushindi huo Lamu ikatafuta ulinzi wa Sayyid Said. Mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka mikononi mwa Sayyid Said. Katika miaka hiyo yote washairi wa miji hii miwili walikuwa wakijibizana. Shairi lilitoka Mombasa likapanda jahazi, likafika Amu, likajibiwa kwa vina na mizani, na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu ni miongoni mwa waliojibu. Wasikilizaji wa wakati huo hawakuhitaji maelezo. Aliyesikia shairi limetaja chombo, au upepo, au jirani, alijua chombo kipi na jirani yupi.

Sasa hebu tufikirie shairi kama hilo baada ya miaka hamsini. Waliopigana Shela wamekufa. Watoto wao wanakumbuka beti kwa sababu ni tamu, lakini jirani hana jina tena na chombo kimekuwa chombo tu. Fumbo limebaki bila mfumbuzi. Kufikia miaka ya 1880 hali ya mashairi ya Muyaka ilikuwa inaelekea huko, na hapo ndipo anapotokea mtu ambaye wapenzi wa ushairi hatumshukuru vya kutosha: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa.

Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi haya kutoka vinywani mwa watu, akamsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika na kuyaelewa. Alifariki mwaka 1890. Maandishi yao yalihifadhiwa London, na kwa msingi wake William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz akaurudia uwanja huo kwa utafiti mpana zaidi katika kitabu alichokitoa mwaka 1979. Tunapofungua vitabu hivyo leo na kukuta kwamba shairi fulani lilimhusu mtawala fulani au mzozo fulani, tunakula matunda ya kazi ya mwalimu yule. Jina lake lina kinaya chake. Mtu aliyeitwa Sikujua ndiye aliyehakikisha kwamba sisi tutajua.

Angalia tofauti inayoletwa na ujuzi huo. Muyaka ana shairi mashuhuri linaloonya juu ya kimya, kwamba anayenyamaza huenda ana jambo kubwa. Nilisomeshwa shairi hilo nikiwa kijana kama mawaidha ya tabia njema: usidharau mpole, usiwe mwepesi wa maneno. Somo hilo si baya. Lakini liweke shairi hilohilo katika mji wenye ngome, ambao watu wake wanatazama upeo wa bahari na kujiuliza kwa nini Unguja imenyamaza msimu huu. Kimya hicho kinabadilika uzito wake. Hakiwi tena tabia ya mtu. Kinakuwa hali ya vita.

Hata hivyo nataka kuwa mwangalifu hapa, maana hapa ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza. Kusema kwamba shairi linaweza kusomwa hivyo si kusema kwamba Muyaka alilitunga kwa ajili hiyo. Palipo na ushahidi wa tukio, tuutumie. Pasipo na ushahidi, tuseme tu kwamba maneno yanaruhusu. Mchambuzi anayeona siasa katika kila mnazi na kila mashua hana tofauti kubwa na askari wa Liyongo. Askari hakusikia kilichokuwamo, naye anasikia kisichokuwamo.

Utendi uliopewa jina na wengine

Kuna namna nyingine ya kupoteza swali la kwanza. Ni pale ambapo tukio linajulikana vyema, lakini mtu wa kati anasimama mlangoni na kumwambia msomaji nini cha kutafuta ndani.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mtawala aliyekuwa mwiba kwa Sayyid Said. Majeshi ya Sayyid Said yalipata hasara kubwa Siyu katika miaka ya 1840. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti 102, na mwenyewe akautia tarehe mwishoni: mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Yeye mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo.

Kwa hiyo maswali ya nani, kwa nani na kwa nini yanajibiwa na utendi wenyewe. Mama anayeona mwisho wake unakaribia anamwita bintiye aje na karatasi na wino. Anampa wasia wa dini, wa adabu, wa kuishi na watu wa kila daraja, wa kumtunza mume. Anakumbuka ndoa yake na machozi yake alipofiwa. Kisha anaingia katika dua ndefu, akijiombea na kuwaombea watoto wake na jamaa zake, na hatimaye anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome na wazingatie maana.

Utendi huu ulienea kwa miswada ya mkono na kwa kuhifadhiwa moyoni. Kisha Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kama kitabu mwaka 1934, na kitabu kile kilipewa jina la Kiingereza lililoutambulisha kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke kwa mume. Kazi yao ya kuuhifadhi siibezi. Bila wao wengi wetu tusingeufikia. Lakini tazama jina lilivyofanya kazi. Sehemu moja ya utendi ilipandishwa juu ya mlango, na vizazi vya wasomaji vikaingia vikitafuta sehemu hiyo tu. Dua ikaonekana kama nyongeza. Ugonjwa ukawa utangulizi wa kuruka. Mama anayekufa akageuka kuwa mwalimu wa somo la unyumba.

Ndiyo maana ubishi uliofuata ulichukua njia mbili tu. Wako waliousifu utendi kwa sababu unamfundisha mke utii, na wako walioulaumu kwa sababu hiyohiyo. Pande zote mbili zilikubali kwamba mada imekwisha kujulikana. Zilitofautiana katika kuipenda au kuichukia. Baadaye wakaja wahakiki waliousoma upya, mmoja wao akiwa Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991. Walionyesha kwamba sauti ya mama huyu haiko sawa na ilivyodhaniwa. Kwa mfano, pale mama anaposhauri kwamba mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema, je, huyo anayetunzwa ndiye mwenye nguvu nyumbani? Mwanamke aliyeishi ndani ya nyumba ya utawala, akaona vita na ujane, hakuwa mgeni wa jinsi nguvu zinavyopatikana kwa upole.

Sitaki kuwalazimisha wasomaji kuchagua. Mimi nikiusoma leo, nikiwa na umri uliopita ule aliofikia Mwana Kupona, naona kwanza hofu ya mzazi. Anajua kwamba mwanawe ataishi katika dunia ambayo yeye hatakuwapo kuirekebisha. Anampa silaha alizo nazo, na silaha za mwanamke wa Siyu mwaka 1858 zilikuwa hizo. Wasia wa mume uko ndani ya hofu hiyo. Hofu haiko ndani ya wasia wa mume. Usomaji huu nao unaweza kupingwa, lakini angalau unapingwa kwa kurudi kwenye utendi, na jina la jaladani halitoshi kuupinga.

Santuri na tuzo

Katika karne ya ishirini kikaja chombo kilichotenganisha wimbo na tukio lake kwa kasi kuliko jahazi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wanamuziki wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri zilirudi zikauzwa pwani nzima na bara. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, kijijini, katika familia isiyo na jina, sauti yake ikawa inaingia majumbani mwa watu ambao hawakupata kumwona. Shaaban Robert aliyaona maisha yake kuwa yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu.

Miongoni mwa nyimbo zake ni ule unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unasimulia habari za mwanamke mgeni aliyechukuliwa na mwanamume kwa mchezo na matembezi, akarejeshwa maiti. Mwuaji akavuka bahari akapotea. Waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakakutana na hasira za hakimu, na kifungo kikawaangukia watu wengine, siyo yeye.

Kwa Waunguja wa wakati ule, hili halikuwa fumbo hata kidogo. Walimjua aliyetajwa. Lakini hebu mfikirie mtu aliyenunua santuri ile Tanga au Mombasa, akaisikiliza baada ya miaka kumi. Anasikia wimbo wa huzuni kuhusu msichana asiyesikia la mkuu, na anawaambia binti zake: mmeona mambo ya kutembea usiku? Hivyo ndivyo wimbo ulivyoweza kusikika, kama onyo kwa wanawake. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wa Unguja na kuchapisha kitabu chake mwaka 2001, aliturejeshea upande wa pili. Wimbo uliwahuzunikia wanawake, na papo hapo uliishitaki mahakama ya kikoloni iliyowaadhibu mashahidi na kumkosa mwuaji. Watu ambao hawakuwa na kiti barazani mwa hakimu walitoa hukumu yao kwa udi na fidla.

Mtu atauliza: je, yule wa Tanga alikosea? Hapa taarabu yenyewe inatufundisha jambo ambalo vitabu vya uchambuzi vimechelewa kulikubali. Aliyehudhuria harusi ya pwani anajua desturi ya kutunza. Mwimbaji anaimba maneno aliyoyatunga mtu mwingine, labda miaka mingi iliyopita, juu ya mahaba ya mtu asiyejulikana hapo ukumbini. Ghafla mwanamke mmoja anainuka kwenye ubeti fulani, anakwenda polepole akiwa na noti mkononi, na njiani macho yake yanatua juu ya mwanamke mwingine. Ukumbi mzima umeelewa. Mtunzi hakuukusudia ugomvi huo, na pengine hakuzaliwa ulipoanza. Lakini kuanzia usiku ule, kwa watu wa mtaa ule, ubeti huo una maana mpya, na yeyote atakayeupuuza ukweli huo hataelewa kwa nini jirani wawili hawasalimiani.

Kwa hiyo wimbo una tukio la kuzaliwa, na una matukio ya kutumiwa. Yote mawili ni historia. Kosa la msikilizaji wa Tanga halikuwa kuwaonya binti zake. Lingekuwa kosa kama angesema kwamba wimbo haukuwa na jambo lingine, na kwamba hakimu aliyetajwa mle alikuwa pambo tu.

Mamba, mnazi, na kosa langu

Nilianza na mfungwa, na sasa namrudia mfungwa mwingine. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine yakiandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye mwandishi alikuwa amefungwa chini ya serikali yake. Sijui kama kuna mfano mwingine katika fasihi yetu ambapo askari na mama wamesikiliza wimbo mmoja na wote wawili wakaupigia makofi.

Katika diwani hiyo limo shairi la Mamba. Msomaji akitaka, atamwona mamba: mnyama wa mtoni anayejiona hana wa kumshinda. Hakuna mlinzi wa gereza awezaye kumtia mtu hatiani kwa kumsema mamba. Lakini anayejua mshairi alikuwa wapi alipolitunga hana budi kujiuliza mto ule ni upi. Limo pia shairi la majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, na hilo ndilo linalonirudisha darasani kwangu.

Nililitumia shairi hilo mara nyingi kuwaandaa wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Nilikuwa na mwongozo wangu wa kusahihisha, nilioutayarisha kwa uangalifu. Mnazi ni nchi. Ndugu ni makundi ya wananchi. Ugomvi ni juu ya matunda ya uhuru. Mwaka mmoja kijana mmoja, aliyetoka kijijini si mbali na shule, aliandika kwamba shairi linahusu mnazi. Akaeleza kwa ukurasa mzima kwamba kwao kuna minazi ambayo ni mali ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ni mali ya mtu mwingine; kwamba aliyepanda amekufa, na watoto wake hawajui haki yao inaishia shinani au mizizini; kwamba baba yake na amu yake hawajaongea kwa miaka mitatu. Nikampa alama mbili kati ya kumi. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Hujafumbua fumbo."

Imenichukua muda mrefu kuona nilichokifanya. Mimi nilijua kwamba mnazi ni nchi, lakini sikuwa nimejiuliza kwa nini mshairi wa Mombasa achague mnazi, asichague mwembe wala ng'ombe. Jibu alikuwa nalo yule kijana. Pwani yetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe wawili. Mnazi huchukua miaka kabla ya kuzaa, na huishi kuliko aliyeupanda. Anayegombea mnazi anagombea jasho la marehemu. Ukiujua ugomvi huo wa kijijini, ndipo unapoelewa uchungu wa ugomvi wa kitaifa: ndugu kila mmoja ana hoja, na sheria ya mmoja haiondoi haki ya mwingine. Mwongozo wangu ulikuwa na paa bila kuta. Kijana alikuwa na kuta. Alihitaji mwalimu wa kumwonyesha jinsi ya kuezeka. Badala yake nilimwambia kwamba hana nyumba.

Sikumwona tena baada ya mtihani wa mwisho. Kama angali anasoma ushairi, basi si kwa msaada wangu.

Tufanye nini

Siandiki haya ili kusema kwamba kila jibu ni sahihi. Mwanafunzi aliyesema kwamba shairi la Mamba ni la kuhimiza utalii hastahili alama, na nilimkuta mmoja wa namna hiyo pia. Fasiri njema hujulikana kwa kuwa inaweza kurudi kwenye maneno ya shairi na kuonyesha ilipoyapata. Tena haiyafichi yale yanayoikataa. Anayesema kimya cha Muyaka ni vita lazima aonyeshe maneno yanayobeba vita. Anayesema Mwana Kupona anafundisha utii tu lazima atuambie anaifanya nini ile dua.

Lakini maneno peke yake hayatoshi, na hapa ndipo nina ombi kwa wapenzi wa ushairi. Wengi wetu tuna mashairi ya wazee wetu: katika daftari za shule zilizochakaa, katika kanda za kaseti, katika simu. Tunayanakili kwa uangalifu wa vina na mizani, tunahesabu silabi, tunabishana kama neno hili ni la Kimvita au la Kiamu. Ni kazi njema. Hata hivyo mara ngapi tumeandika pembeni kwamba bibi alilitunga shairi hili mwaka ule wa njaa, alipokataliwa mkopo na nduguye, na kwamba "kisima" kilichotajwa ni duka la ndugu huyo? Maelezo ya namna hiyo ni mistari miwili tu ya maandishi. Yasipoandikwa leo, wajukuu watapokea beti safi kabisa zenye kisima, na mwalimu fulani atawaambia kwamba kisima ni nchi.

Mwalimu Sikujua alifanya kazi hiyo kwa ajili ya mashairi ambayo hayakuwa yake, ya mtu aliyekufa zamani, na wengi wa waliosoma matokeo yake hawakulijua jina lake. Tukifanya nusu yake tu tutakuwa tumelipa sehemu ya deni. Kwa hiyo, unapokutana na mzee anayeghani shairi, mwache amalize. Kisha, kabla hujamwomba alirudie ili uhesabu mizani, muulize: alilitunga nani, alimwambia nani, na siku hiyo palikuwa na nini? Andika jibu lake hata kama ni fupi, hata kama atacheka tu na kutaja jina la mtu mmoja. Huenda jina hilo moja ndilo tupa iliyomo ndani ya mkate.